Mjomba Ndani ya Tenga la Nguo Chafu: Siku Kiswahili Kilipomcheka Bwana Mkubwa London

Kuna bwana mmoja ana cheo, ana tumbo, ana maneno matamu, ila mfukoni hana hata nauli. Kaingia nyumbani kwa mke wa mtu akijua mwenye nyumba hayupo. Ghafla mume huyo anarudi, tena kaja na watu. Pa kutokea hakuna. Wanawake wawili wanamsukumia ndani ya tenga la nguo chafu, wanamfunika kwa mashuka na soksi zinazonuka, halafu wanaita vijana wa kazi: bebeni hili, mkalimwage mtoni.

Ukiambiwa kisa hiki kimetokea Buguruni, nyuma ya soko, na mto wenyewe ni Msimbazi, utaamini. Utauliza tu huyo bwana ni nani na anakaa mtaa gani. Lakini kisa ni cha Windsor, Uingereza, mto ni Thames, na mtunzi ni William Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwishoni mwa Aprili 2012 mchezo huo ulichezwa London, kwenye jukwaa la Shakespeare's Globe, kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Bwana mwenye tumbo anaitwa Sir John Falstaff. Aliyemcheza ni Mrisho Mpoto.

Ndiyo, Mpoto huyuhuyu. Mjomba. Yule wa kupanda jukwaani pekupeku na kuongea kama babu anayekusimanga huku anacheka. Watu wanamjua kwa ngonjera zake na kwa hafla za kitaifa, ila hii ya London imepita kimyakimya sana ukilinganisha na uzito wake. Msanii wa kwetu akipiga picha Dubai mbele ya gari la kukodi, mji mzima unajua. Mswahili kasimama kwenye jukwaa la Shakespeare akacheza mmoja wa wahusika wachekeshaji wakubwa kuliko wote duniani, wengi wanasikia leo.

Ilikuwaje mpaka Kiswahili kikafika pale? Mwaka 2012 London ilikuwa na Olimpiki, na Waingereza wakaona michezo ya mbio peke yake haitoshi. Globe ikaandaa tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kuanzia Aprili hadi Juni. Kila lugha ikapewa mchezo wake. Wazimbabwe walikuja na Kishona, waigizaji wawili tu wakabeba mchezo mzima. Wanigeria wakaja na Kiyoruba. Sudan Kusini, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka tangu ipate uhuru, ilikuja na Kiarabu cha Juba. Kuna vijana wa Chicago walifanya Othello kwa rap, na hip hop ikahesabiwa kuwa lugha. Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor, mchezo wa wake za watu wanaomtia adabu mzee mmoja mkware.

Kikundi kilichoubeba kinaitwa Bitter Pill, waongozaji wakiwa Daniel Goldman na Sarah Norman. Tafsiri ilifanywa na Mkenya Joshua Ogutu. Waigizaji karibu wote walikuwa Wakenya, wakiwemo Lydiah Gitachu na Chichi Seii, na hawakuwa wengi, kwa hiyo mtu mmoja alikuwa anavua mhusika mmoja anavaa mwingine. Kati yao wakamweka Mtanzania mmoja, na huyo ndiye wakampa nafasi ya Falstaff. Mabishano ya nani anajua Kiswahili kati ya Mkenya na Mtanzania yapo kila siku mitandaoni na hayataisha. Pale jukwaani walimaliza kiutu uzima: Mkenya alitafsiri, Mtanzania akasema.

Sasa turudi kwa Falstaff, maana bila kumwelewa huyu bwana huwezi kuelewa utamu uko wapi.

Falstaff ana cheo cha Sir. Kwa Uingereza ya wakati ule, cheo hicho kilikuwa ni heshima ya kifalme, mtu akipita unavua kofia. Tatizo ni kwamba heshima hailiwi. Yupo Windsor kwenye nyumba ya wageni, bili inapanda, wapambe wake hana cha kuwalipa. Akapiga hesabu. Pale mtaani kuna wanawake wawili, Bibi Ford na Bibi Page, waume zao wana hela, na wao ndio wanaoshika funguo za hizo hela. Akaamua kuwatongoza wote wawili kwa mpigo. Sio kwamba kapenda. Anataka kuchota.

Akawaandikia barua. Barua ni moja, neno kwa neno, kabadilisha jina tu. Asichokijua ni kwamba hao wanawake ni mashosti. Bibi Page anaisoma yake, anaenda kumwonyesha Bibi Ford, Bibi Ford anatoa ya kwake. Mmoja wao anasema huyu jamaa lazima ana barua elfu moja ndani, zimeachwa nafasi ya kujaza jina. Hii ni mwaka 1597 hivi. Wale wa leo wanaokopi na kupesti ujumbe mmoja kwa wadada watatu na kusahau kubadilisha jina, wajue kwamba walishachekwa zamani sana.

Hawa wanawake hawalii, hawaendi kushtaki kwa waume zao. Wanakaa chini wanapanga. Mara ya kwanza wanamwita, wanamtia kwenye tenga na kummwaga mtoni. Jamaa kalowa, kanuka, lakini tamaa haijaisha. Wakimwita tena anaenda. Mara ya pili wanamvalisha gauni na kumfanya kuwa bibi kizee wa kijiji jirani, na mume wa Bibi Ford, ambaye hampendi kabisa huyo bibi kizee, anamtandika fimbo mpaka nje. Mara ya tatu wanamwita msituni usiku wa manane, kavaa mapembe kichwani, na watoto wa mtaa waliojifanya majini wanamzunguka, wanamfinya na kumchoma kwa mishumaa huku wanaimba.

Na huyo mume wa Bibi Ford naye hakubaki salama. Wivu umemjaa mpaka kichwani. Anajibadilisha jina, anaenda kwa Falstaff akijifanya ni mtu mwingine, anampa hela amtongozee mke wake mwenyewe ili aone kama atakubali. Yaani mtu analipa ili aibiwe. Siku anayokuja kupekua nyumba, mtu anayemtafuta anapita mbele ya macho yake ndani ya tenga. Mara ya pili analipekua tenga lenyewe, anatoa nguo moja moja mbele ya majirani, hakuna kitu, na aibu yote inamrudia yeye.

Kwa hiyo ni kejeli yenye makali pande mbili. Inamchapa mkubwa anayedhani cheo ni leseni ya kula vya watu, na inamchapa mwanaume anayedhani mke ni mali ya kulindwa kama duka. Wanaobaki wamesimama ni wanawake wawili wa kawaida wa mjini, sio malkia wala binti mfalme. Katika vichekesho vyote vya Shakespeare, huu ndio uliokaa Uingereza moja kwa moja, mtaani, kwa watu wa kati. Vingine vingi kavipeleka Italia, Ugiriki, misituni, visiwani. Na tofauti na kazi zake nyingi, hapa karibu mchezo mzima watu wanaongea maneno ya kawaida, mashairi ni machache sana.

Inasemekana Malkia Elizabeth wa Kwanza ndiye aliyeomba mchezo huu, kwa sababu alimpenda sana Falstaff kwenye tamthilia za Mfalme Henry wa Nne na akataka kumwona akiwa kapenda. Stori hiyo iliandikwa mwaka 1702, karibu miaka 100 baada ya malkia kufariki, kwa hiyo ichukulie kama umbea wa mjini. Kisicho umbea ni kwamba Falstaff mwanzoni hakuitwa Falstaff. Aliitwa Oldcastle, jina la mtu wa kweli aliyewahi kuishi, na ukoo wa kina Cobham, wakubwa wa wakati huo, hawakufurahi. Jina likabadilishwa. Kwenye huu mchezo wa Windsor pia, jina la bandia analotumia mume mwenye wivu lilikuwa Brook katika chapa ya 1602, na kwenye kitabu kikubwa cha 1623 likawa Broome. Brooke lilikuwa jina la ukoo uleule wa Cobham. Wakubwa kukerwa na wasanii hakukuanza jana, na msanii kubadilisha jina moja ili mambo yaendelee nako hakukuanza jana.

Hapo ndipo Mpoto anapoingia vizuri.

Kabla ya London, jamaa alishapita kwenye jukwaa la Parapanda, kundi la sanaa za maonyesho la Dar, akajulikana kama msimulizi kabla hajajulikana kama mwimbaji. Kilichomfanya awe jina la nyumbani ni ile staili ya kumsema mkubwa bila kumtaja. Alimpa mkubwa jina la mjomba. Mjomba, nyumbani hapako sawa. Mjomba, nikipata nauli nitakuja nikueleze. Watu kwenye daladala walikuwa wanasikiliza na kutazamana, kila mtu anajua anayesemwa ni nani, na hakuna aliyetajwa. Ni mbinu ya zamani ya Waswahili, mafumbo ya kanga na taarabu: umeshasema, na ukiulizwa unajibu mimi nilikuwa naimba tu.

Sasa chukua mtu wa namna hiyo, mvalishe nafasi ya mkubwa mwenyewe. Yule aliyezoea kumwimbia mjomba akiwa chini, leo yeye ndiye mjomba, ana cheo, ana njaa, anadanganya, na anaishia kwenye tenga. Waongozaji inawezekana walimchagua kwa sauti na mwili wake tu. Kwa Mtanzania anayejua alikotoka, uchaguzi huo una chumvi ya ziada ambayo mtu wa London hawezi kuionja.

Na jukwaa lenyewe lilimfaa. Globe ya sasa ilifunguliwa 1997, imejengwa kuiga ile ya 1599 iliyoungua mwaka 1613. Katikati iko wazi, mvua ikinyesha inakunyeshea. Chini kuna uwanja ambao watu karibu 700 wanasimama, tiketi ya kusimama mwaka ule ilikuwa pauni 5. Hakuna giza la ukumbini. Mwigizaji anakuona usoni, anaweza kukuongelesha wewe hapo mbele na kukuacha unababaika. Mwigizaji aliyezoea ukumbi wenye viti vya sofa na taa zilizozimwa anaweza kupotea pale. Msimulizi wa Kiswahili hapotei. Kazi yake tangu zamani ni kusimama mbele ya watu waliomzunguka, mchana kweupe, na kuwashika kwa mdomo.

Wasiojua Kiswahili waliwekewa vibao vya umeme vyenye muhtasari mfupi wa kila tukio kwa Kiingereza. Sio maneno yote, muhtasari tu: fulani kaingia, fulani kakasirika. Huo ulikuwa utaratibu wa tamasha zima, na uliwagawa watazamaji kwa namna ya kuchekesha. Mwingereza anayejua mchezo kwa kichwa tangu shule alikuwa anasubiri kibao. Dada wa Kitanzania anayeishi London, ambaye pengine hajawahi kuisoma hata kurasa moja ya Shakespeare, anapata utani wote papo hapo. Kwa saa mbili na kitu, mwenye lugha ndiye aliyekuwa mwenyeji pale, hata kama kaja na basi kutoka mbali.

Jina la mchezo kwa Kiswahili lilikuwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Hapa pana la kubishana. Merry ni mtu mchangamfu, mcheshi, mwenye kupenda raha na utani. Heri ni kitu kingine, ni baraka, ni bahati njema. Ukimwambia mama wa Buguruni kwamba fulani ni mwanamke wa heri, atadhani ni mcha Mungu au kajaliwa watoto wema. Lakini neno hilohilo la Kiingereza ndilo tunalolitafsiri Desemba kwa kusema heri ya Krismasi, kwa hiyo njia ya kulifikia ipo na kila mtu anaijua. Mtu wa Dar pengine angesema Wake Wachangamfu, au kwa lugha ya kitaa, Wamama wa Mjini. Hata hivyo heri ina faida yake. Wale wanawake wanarudia kusema kwamba mke anaweza kuwa mcheshi na bado akawa mwaminifu. Ukiwaita wa heri, umeshawapa ushindi kabla mchezo haujaanza.

Kazi ngumu kuliko jina ni lafudhi. Shakespeare kaweka mle ndani daktari Mfaransa na mchungaji wa kutoka Wales, wote wawili wanakiua Kiingereza, na Waingereza wanavunjika mbavu. Ukitafsiri neno kwa neno, kichekesho kinakufa hapohapo. Kwa bahati Kiswahili sio maskini upande huo. Vichekesho vyetu vimeishi kwa lafudhi miaka nenda rudi: Mhindi wa duka, mgeni aliyeshuka stendi jana, mtu wa bara anayegombana na r na l. Lugha inayozungumzwa na watu wengi ambao sio yao ya kwanza inakuja na utani huo bure.

Shakespeare kwa Kiswahili sio jambo la 2012. Miaka ya 1860 huko Zanzibar, mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alichapa kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, visa vya Shakespeare vilivyofupishwa. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa rais wa nchi changa, akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Jina hilo la pili linajisema lenyewe. Kiingereza kinasema mfanyabiashara, mmoja, Mwalimu kaandika mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Samuel Mushi naye akaleta Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Hizo ni kazi za heshima na zilikuwa na hoja: kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba chochote. Ila ukizitazama, ni mauaji ya watawala, madeni ya kukatana nyama, wachawi na dhoruba. Mwalimu alikuwa anajenga taifa, alikuwa na haki ya kuchagua vitu vizito. Matokeo yake ni kwamba Shakespeare akaingia kwetu akiwa kavaa suti, akakaa kwenye rafu ya maktaba na kwenye mtihani. Yule Shakespeare mwingine wa matusi ya mtaani, wa mabibi wanaopanga njama jikoni, alibaki mlangoni. Mchezo wa Ogutu ulimwingiza kwa mlango wa uani.

Halafu uani kulikuwa na watu wake tayari. Mtu aliyekulia Dar miaka ya 1990 anakumbuka makundi kama Muungano na TOT, shoo moja unapata ngoma, taarabu, sarakasi na kichekesho, kwenye kumbi kama DDC Kariakoo. Kichekesho kile kilikuwa na mzee mmoja ambaye hakosekani: anajisifu, anapenda vya bure, anamtaka binti au mke wa jirani, na mwisho anapigwa na wanawake. Baadaye akahamia kwenye kanda za video. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki 2018, alimcheza mzee huyo kwa namna nyingi kiasi kwamba mtu akisoma Falstaff leo anamwona Majuto kabla hajamwona Mwingereza yeyote. Mzee Majuto angepewa nafasi ile asubuhi, jioni angekuwa jukwaani, na tenga angetafuta mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akisema Waafrika walienda London kuigiza mambo ya Wazungu, hajaelewa kilichotokea. Huyo mzee alikuwa wetu. Walichofanya ni kumrudisha kwa wenzake wa Windsor wamwone akiongea lugha nyingine na wamtambue.

Linalouma ni upande wa pili wa safari. Mchezo wa mtaani ulihitaji tamasha la Olimpiki na jukwaa la Ulaya ili upate fedha na waongozaji wa kuuandaa kwa Kiswahili. Mama anayeuza nyanya kwa tenga pale Buguruni, anayemjua Falstaff kwa sura kwa sababu anamdai, hakuwepo kati ya wale 700 waliosimama. Na ndiye ambaye angecheka kwa sauti kuliko wote.

Mchezo huu haukuishia London. Mwaka 2021 New York walitoka kwenye kifungo cha korona, na maonyesho yao ya bure ya Shakespeare pale Central Park, ambayo 2020 yalifutwa, yakarudi kwa mchezo mmoja tu. Mchezo gani? Huuhuu. Aliyeuandika upya ni Jocelyn Bioh, Mmarekani ambaye wazazi wake wametoka Ghana. Akauhamisha kutoka Windsor akaupeleka Harlem, Mtaa wa 116, walikojaa wahamiaji wa Afrika Magharibi. Bibi Page na Bibi Ford wakawa Madam Page na Madam Ford, mavazi ya vitenge, saluni ya kusuka nywele, na duka la kufulia nguo kwa mashine. Ukisikia duka la kufulia unajua tenga la nguo chafu halikuhitaji maelezo tena.

Na mwongozaji? Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Katika miaka tisa, mchezo mmoja wa wake za watu wa Kiingereza umepita mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki mara mbili, London na New York, na mara zote mbili ulirudishwa mtaani kwa watu wa kawaida. Tofauti ni kwamba wa Harlem ulichezwa kwa Kiingereza cha Waafrika, na televisheni ya PBS ikauonyesha, kwa hiyo umebaki kwa kuonekana na wengi zaidi.

Ali hakuishia hapo. Agosti 2025, jukwaa hilohilo la Central Park lilipofunguliwa upya baada ya ukarabati, alileta Twelfth Night, kisa cha pacha wawili waliopoteana baharini. Pacha wenyewe alikuwa Lupita Nyong'o na mdogo wake wa kweli, Junior Nyong'o. Lupita na Shakespeare wanajuana tangu utoto: akiwa na miaka 14 alicheza Juliet na Phoenix Players wa Nairobi. Safari hii yeye na mdogo wake, wageni kwenye nchi isiyo yao, wakawa wanachomekea Kiswahili. Wanapokutana mwishoni, baada ya kila mmoja kudhani mwenzake kafa, lugha yao ya nyumbani ndiyo inayowatoka. Mambo ya London 2012 na haya ya New York hayajafungwa kwenye mkataba mmoja, ila ukiyaweka pamoja unaona Kiswahili kimeacha kuwa mgeni wa siku mbili kwenye majukwaa hayo.

Kuhusu Falstaff mwenyewe, baada ya usiku ule wa kufinywa msituni, kila kitu kinafichuka. Bwana Ford, aliyekwishaomba radhi kwa mkewe, anaahidi kutomshuku tena. Binti wa kina Page, ambaye baba alimtafutia mume wake na mama akamtafutia wake, anatokea kumbe kaolewa na aliyemtaka mwenyewe, kwa hiyo hata wale wajanja wamepigwa. Falstaff anafurahi kidogo kuona sio yeye peke yake aliyechekwa. Basi Bibi Page anasema twendeni wote nyumbani, tukakae motoni tuucheke mkasa huu, na Sir John naye aje. Jamaa kamwagwa mtoni, kapigwa akiwa kavaa gauni, kachomwa kwa mishumaa na watoto, deni lake halijalipwa, na bado anakaribishwa. Anavua mapembe, anajipangusa majani, anawafuata.